Nyumba ina X ya kijani, niongeze fremu?

Ndugu, hizo fremu za maduka unazotaka kuongeza mbele ya nyumba ziache kwanza. X ya kijani inayochorwa ukutani na wakala wa barabara (TANROADS) si sawa na nyekundu. Nyekundu ni ya aliyevamia hifadhi ya barabara (eneo la pembeni lililotengwa kwa ajili ya barabara), halipwi. Wewe ulikuwa nje ya mita 22.5 kutoka katikati ya barabara kuu, kisha Sheria ya Barabara ya Tanzania ya 2007 ikasogeza mpaka hadi mita 30. Una haki ya fidia. Ila ukijenga kipya humo, usitegemee kibali cha halmashauri wala kulipwa. Kusanya hati, risiti za kodi ya jengo na picha. Siku ya uthamini uwepo mwenyewe, usimwachie mpangaji (wengine hujifanya wenye nyumba!). Ulizia pia posho ya usumbufu na usafiri.