Aanze na Ibn al-Haytham

Dada, umesema kijana wako kapewa kazi ya shule kuhusu wanazuoni wa Kiislamu na sayansi, kaorodhesha majina ishirini na sasa kakwama. Mwambie abaki na mmoja: Ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra mnamo 965 na kufanya kazi Cairo.

Wagiriki kama Euclid walidhani jicho ndilo linalotoa miale. Yeye akasema hapana, nuru hutoka kwenye vitu ikaingia jichoni, na hakuishia kusema. Alipanga taa kadhaa mbele ya kitundu cha chumba chenye giza, kila taa ikatupa doa lake ukutani. Alipoziba taa moja, doa lake pekee lilipotea: yaani nuru ya kila taa hupita kitunduni kwa njia yake iliyonyooka, bila kuchanganyika na nyingine. Kwangu hapo ndipo penye utamu wote: hoja imepimwa kwa macho.

Jaribuni nyumbani usiku. Boksi la viatu, toboa upande mmoja kwa sindano, upande wa pili kata dirisha ubandike karatasi nyepesi. Kielekeze kitundu kwenye mshumaa. Mwali wa mshumaa utaonekana kichwa chini kwenye karatasi. Aandike alichokiona kwa maneno yake, kisha ataje kwamba Kitab al-Manazir, kitabu cha Ibn al-Haytham kuhusu nuru na kuona, kilitafsiriwa Kilatini kikasomwa Ulaya.