Flipu ya brandi kwa yai bichi

SWALI: Shikamoo Mjomba. Nataka kuwaandalia wageni flipu ya brandi, kile kinywaji cha kutikiswa na yai, hapa nyumbani Malindi. Yai zima bichi linanitia hofu. Je, pombe si inaua vijidudu?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Haiui, si kwa dakika mbili za kutikisa. Salmonela, kijidudu cha mayai kiletacho kuhara, inataka moto, nyuzi 71 za Selsiasi hivi. Na usidanganywe na yai kuzama majini: hilo ni habari ya umri wake tu. Nunua yaliyotagwa karibuni, yasiyo na ufa, uyatie kwenye friji. Yale yaliyoshinda juani kwenye mkokoteni, kaange. Mja mzito, mzee na mgonjwa wasiionje.

Sasa kazi. Brandi mililita 60, yai moja dogo, shira ya sukari vijiko viwili vya chai. Yai livunjie kwanza kikombeni, lisije likakuharibia brandi. Tikisa bila barafu nusu dakika mpaka litoe povu, ndipo utie barafu ya vipande vikubwa (kwa joto letu hili vidogo vinageuka maji) utikise tena mpaka chombo kiume mkono kwa baridi. Chuja. Kungumanga iparuze papo hapo juu ya glasi. Ile ya unga ya pakiti mimi naiona vumbi.

Hofu ikizidi, wapikie zabaione ya Waitaliano: viini, sukari na mvinyo wa Marsala, vikipigwa juu ya mvuke. Maji yasiguse bakuli, ama utawapa mayai ya kuvuruga.