Barua kwa mwanangu: kubali, ila ujue kazi yenyewe iko inboksi

Kabula mwanangu,

Voisi yako nimeisikiliza, nikairudia nilipofika nyumbani, nikaona hili si jambo la kujibu "sawa mama" halafu basi. Umesema kuna shirika hapo Dar linatetea haki za wajawazito na wazazi, wanataka ujitolee kuendesha kurasa zao, Facebook, Instagram, TikTok, mshahara hakuna, na wewe ajira bado unatafuta, halafu mwishoni ukauliza kwa sauti ya kuchoka, "baba, hivi kuposti kunaokoa mama gani?"

Kunaokoa. Nimewabeba baadhi yao kwenye gari hili hili lililokusomesha.

Unajua mimi ni dereva wa jamii wa m-mama, ule mfumo wa usafiri wa dharura wa wajawazito, wazazi na vichanga, lakini nadhani sijawahi kukueleza vizuri inavyokwenda, na ukienda kwenye hiyo kazi lazima uijue kama unavyojua njia ya kwetu. Ilianzia majaribio huku kwetu Kanda ya Ziwa, Sengerema na Shinyanga, mwaka 2022 ndo ikazinduliwa kwenda nchi nzima. Mtu anapiga 115, bure, hata simu haina salio. Anapokea mratibu, anauliza dalili moja moja, anaangalia kama kuna gari la wagonjwa karibu, kama halipo ananipigia mimi au mwenzangu aliye jirani, tunakwenda. Nikifikisha, mhudumu anathibitisha kwamba mgonjwa kafika, hela inaingia M-Pesa, mgonjwa hatoi hata mia. Ni kwa mjamzito, kwa aliyejifungua mpaka siku 42, na kichanga mpaka siku 28. Sasa niambie mwanangu, wangapi hapo mtaani kwako wanaijua hiyo namba? Uliza wenye nyumba, uliza bodaboda hapo kijiweni, usikie majibu.

Kuna safari moja, kijiji sikutajii na jina sikutajii. Usiku, mvua, na unajua udongo mweusi wa Kishapu ukilowa gari linacheza kama liko kwenye sabuni. Nilipofika nilikuta binti kalazwa kwenye mkeka, uso umevimba, anashika kichwa kwa mikono miwili, mama mkwe kasimama mlangoni ananiambia tusubiri kwanza, mume yuko machimboni Geita, simu yake haipatikani, hawezi kuruhusu mke wa mwanae aondoke bila mwanae kujua. Na si mama mbaya yule, mwanangu, alikuwa anatetemeka, alikuwa anaogopa lawama. Aliyekuwa kapiga simu ni kabinti ka jirani, kanasoma sekondari, kaliona 115 kwenye status ya WhatsApp ya shangazi yake anayeishi Mwanza, na kwenye hiyo status paliandikwa kwamba mjamzito akivimba uso, kichwa kikamuuma sana, akaona maluweluwe, hiyo ni hatari, usisubiri asubuhi. Kakamsomea mama mkwe pale pale kwa tochi ya simu. Kakamsomea tena. Ndo yule mama akasema haya mchukueni, akachukua kanga na beseni akapanda na yeye. Kilikuwa kifafa cha mimba kinakuja. Binti yuko hai, na mtoto yuko hai.

Shangazi wa Mwanza hajui mpaka leo status yake ilifanya nini. Nami sijui ile picha aliitoa kwa nani, inawezekana iliandikwa na kijana kama wewe anayejitolea, kakaa na simu yake ya kioo kimepasuka, anaangalia laiki kumi na moja anakata tamaa.

Kwenye mafunzo tulifundishwa kwamba mama anakufa kwa kuchelewa kwa aina tatu, kuchelewa kuamua nyumbani, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa akishafika. Mimi na gari langu nashughulika na huko kwa katikati. Huko kwa kwanza, pale mlangoni na mama mkwe, mimi siwezi kufika mapema kuliko meseji. Na damu ikimtoka vibaya mama baada ya kujifungua, saa mbili zinatosha kumuondoa, kwa hiyo dakika zile za kubishana nani aruhusu ndo zenyewe. Redioni wanasema vifo vya uzazi kwetu vimeshuka kutoka 556 kwa kila vizazi hai laki moja kwenye utafiti wa 2015/16 mpaka 104 kwenye ule wa 2022, na ni kazi kubwa kweli imefanyika, nimeiona kwa macho yangu, lakini hao waliobaki wana majina na wana watoto wanaowasubiri.

Sasa kubali, ila sikiliza nafikiri nini kuhusu kazi yenyewe. Watu wataona posti, lakini kazi iko inboksi. Posti ni kibao tu cha barabarani. Saa tano usiku atakuja mtu aandike "habari admini, mdogo wangu ana miezi nane kichwa kinamuuma tangu jana na macho yanaona ukungu, tumpe panadol?" Hapo ndo utajua kama unafaa. Usimwambie pole, usimwambie anywe maji apumzike, wewe si mganga. Mwambie apelekwe kituo cha afya sasa hivi, piga 115, muulize yuko wilaya gani, na ukae hapo hapo mpaka akujibu wamefika wapi. Kwa hiyo kabla hujaanza waambie hao ofisini wakupe namba ya mkunga au muuguzi unayeweza kumuuliza muda wowote, na kama hawana mtu wa hivyo basi waandike wazi kwenye ukurasa kwamba usiku hakuna anayejibu na hii hapa namba ya dharura. Inboksi iliyo kimya wakati mtu anadhani kuna mtu, hiyo ni hatari kuliko kutokuwa na ukurasa kabisa. Naliamini hili sana.

Na wataokuja si wagonjwa tu. Atakuja dada wa dukani, bosi kamwambia nenda kajifungue usirudi. Huyo mwambie Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa likizo ya uzazi yenye malipo siku 84, mapacha siku 100, akirudi kazini anaruhusiwa kunyonyesha kwa muda usiozidi saa mbili kila siku, na mwanamume naye ana siku zake tatu. Atakuja mwingine kaambiwa aje na glovu na pamba na wembe na mpira wa kutandika la sivyo hapokelewi, wakati sera ya afya tangu 2007 inasema huduma ya mjamzito kituo cha serikali ni bila malipo. Ongea ukweli wote hapo, mwambie haki yake ni ipi na mwambie pia ajiandae, maana haki iko kwenye karatasi na glovu haziko kwenye kabati, na uchungu hausubiri mtu amalize kudai. Halafu hayo malalamiko yaandikwe, yapelekwe kwa mganga mfawidhi, kwa mganga mkuu wa wilaya, na kama ni kutukanwa au kupigwa kuna Baraza la Uuguzi na Ukunga. Ukurasa wenu uwafundishe watu kuandika malalamiko yakafika, si kupiga kelele tu kwenye komenti.

Hapo naomba uwe makini na wauguzi. Nafika zahanati usiku namkuta mmoja, yuko peke yake, ana mzazi kitandani na mwingine anasubiri na umeme umekatika. Wapo wakali, wapo wanaotukana akina mama maneno ambayo siwezi kukuandikia mwanangu, na hao wasemwe. Wale wa Utepe Mweupe, shirika linalotetea uzazi salama, waliwahi kuuliza wanawake duniani wanataka nini kwenye huduma ya uzazi, wakapata majibu ya wanawake kama milioni 1.2 kutoka nchi 114, na ombi lililoongoza lilikuwa kuhudumiwa kwa heshima na utu. Heshima, kabla ya mashine na kabla ya majengo. Kwa hiyo lisemeeni hilo kila siku, ila mkiweka sura na jina la muuguzi mmoja mkamrushia watu elfu wamtukane, kesho yake zahanati imefungwa na mama wa pale anatembea kwenda ya mbali. Sioni faida yake.

Sasa nije kwenye lile ulilolisema harakaharaka kama vile si kitu, kwamba wamekutumia video ya mama analia wodini na wamekwambia hii "itatrendi". Kabula, usiiposti mpaka ujue mwenyewe kasema nini. Na si kwamba aliulizwa akiwa kitandani, mtu aliye na uchungu anakubali chochote, anamkubalia hata anayemuuzia mbuzi. Aulizwe akishatulia nyumbani, aonyeshwe video yenyewe, aambiwe itaonwa na mkwe wake na wanafunzi wa shule ya mwanae, na aambiwe anaweza kukataa hata baadae na itatolewa. Taarifa za afya ya mtu ni taarifa nyeti, sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi tunayo tangu 2022, waulize hao ofisini kama wameisoma.

Najua utaniambia baba mbona Kenya video ilisaidia. Nimeikumbuka ile ya Bungoma, mwaka 2013, mama kajifungulia sakafuni kwenye korido ya hospitali, wauguzi wakampiga na kumtukana, kuna mtu alirekodi na nchi nzima ikaona. Ndiyo ilisaidia. Lakini angalia kilichofanya kazi, ni kwamba yule mama mwenyewe alikwenda mahakamani, akasimamiwa na wanasheria, akavumilia miaka, mpaka Machi 2018 Mahakama Kuu ya pale Bungoma ikasema haki yake ya afya na utu wake vilivunjwa, ikaagiza alipwe shilingi milioni 2.5 za Kenya na aombwe radhi. Sauti ilikuwa yake. Ukipata mama anayetaka kusimama hivyo, msaidie kwa nguvu zako zote, mpe ukurasa mzima. Asiyetaka, badilisha jina, badilisha wilaya, ficha sura, au acha kabisa.

Kingine, unaandika kwa ajili ya nani? Akina mama wengi ninaowabeba wana kitochi, hawana Instagram. Mama yako alipokuwa na mimba ya mdogo wako alikuwa anapokea zile meseji za Wazazi Nipendeni za 15001, bure, ziliingia hata kwenye kile kisimu chetu kilichofungwa na raba, na mimi ndo nilikuwa namsomea jioni, kwa hiyo hata mimi zikaniingia. Basi andika kitu ambacho mwenye simu kubwa anaweza kumsomea asiyenayo. Maneno machache, sauti ya kawaida, dalili moja kwa posti moja. Rekodi na voisi za Kisukuma, mama yako yuko tayari kusoma, kashasema. Na utuandikie sisi wanaume, maana hela ya nauli iko mfukoni mwetu na ruhusa wanaisubiri kwetu, na hakuna anayetuambia kitu zaidi ya "mpeleke mkeo kliniki". Mwambie mwanamume kabla hajaenda machimboni aache neno nyumbani mbele ya mama yake, kwamba ikitokea dharura mke aondoke bila kunisubiri. Hiyo peke yake ingenipunguzia mabishano mlangoni.

Kuhusu kujitolea bila mshahara, sikukatazi lakini siwezi kukubali utoe na bando lako. Waombe bando, waombe barua inayosema unafanya nini na kwa muda gani, miezi mitatu inatosha kuanza, na saa za kazi zijulikane. Usiku wapokezane, usiwe wewe kila siku, utasoma mambo ya kuumiza na ukiwa peke yako chumbani yatakukaa. Na kuna siku utaandikiwa kwamba mgonjwa amefariki. Siku hiyo nipigie, hata saa nane usiku, mimi simu yangu haizimwi kwa sababu ya kazi hii na wewe unajua.

Umesema wanataka jibu Jumatatu. Waulize mambo mawili kwanza, nani mkunga wa kumuuliza, na utaratibu wao wa picha na video ni upi, wakuonyeshe kwa maandishi. Wakikujibu vizuri, anza. Wakikwepa, tafuta shirika lingine, yapo, kazi hii haiishi.

Mama yako anakusalimu, michembe ametuma na basi la leo, ukachukue ofisi yao kesho asubuhi kabla hawajaihamisha stoo.

Baba yako