Haigromita ya kuzungusha inapotoa majibu mawili

Swali: Ninatunza ghala la mahindi mkoani Iringa, na hupima unyevuanga, yaani unyevu ulio hewani, kwa haigromita ya kuzungusha yenye vipimajoto viwili, kimoja kikavu na kingine kilichovikwa utambi wa kitambaa uliolowa maji. Juzi, ndani ya nusu saa, kipimajoto kikavu kilibaki kwenye nyuzi 24, lakini chenye utambi kilisoma 19, kisha 20. Jedwali la kugeuza nyuzi hizo kuwa unyevuanga likanipa asilimia 62, kisha 69. Je, kifaa kimeharibika?

Jibu: Kifaa chako huenda ni kizima kabisa. Chunguza kwanza ule utambi, kwa kuwa, kama ulivyoona, nyuzi moja tu ikikosewa hapo jibu huhama kwa takriban asilimia saba.

Maji yanapovukizwa kutoka kwenye utambi hupunguza joto la kipimajoto, na kadiri hewa ilivyo kavu ndivyo joto hilo linavyoshuka zaidi. Sasa fikiria makosa ya kawaida: utambi uliokauka nusu, utambi ulioshikwa kwa vidole vyenye jasho au mafuta, kifaa kuzungushwa polepole au kwa muda mfupi, na msomaji kukawia au kukipumulia. Yote hayo huzuia joto lisishuke inavyopaswa, au huliacha lianze kupanda, hivyo hewa huonekana kuwa na unyevu mwingi kuliko ilio nao. Kwa sababu hiyo ningeuamini zaidi usomaji wa 19, isipokuwa kama utambi ulilowekwa kwa maji ya baridi, ambayo hudanganya kwa upande wa pili.

Tumia maji yaliyotoneshwa, yaani yasiyo na chumvi, yenye joto la hewa ya ghalani. Vituo vya mafuta huyauza kwa ajili ya betri, lakini hakikisha hununui tindikali, maana hiyo nayo huuzwa kwa jina la maji ya betri. Maji ya bomba huacha chumvi kwenye uzi, na utambi uliokakamaa kwa chumvi haufai tena. Simama kivulini, ukiuelekea upepo kama upo, kisha zungusha mara mbili au tatu kwa sekunde, kwa muda wa nusu dakika. Simamisha, soma chenye utambi kwanza, na bila kukawia soma kikavu. Rudia hadi usomaji wa chenye utambi uache kushuka na ulingane mara mbili mfululizo. Ukitaka kuvikagua vipimajoto vyenyewe, vua utambi, vikauke, kisha uzungushe. Vyote viwili vinapaswa kusoma sawa.

Lipo jambo jingine ambalo hukuliuliza, nalo ni la maana kwako. Jedwali lililokupa 62 na 69 limetengenezwa kwa mgandamizo wa hewa wa usawa wa bahari, wastani wa hektopaskali 1013 (hektopaskali ni kipimo cha mgandamizo wa hewa). Mjini Iringa, kwenye mwinuko wa mita 1,600 hivi, mgandamizo ni karibu 840, na uvukizaji huko ni rahisi zaidi, kwa hiyo tofauti ileile ya nyuzi humaanisha unyevu mwingi zaidi. Kwa nyuzi 24 na 19, jibu sahihi ni takriban asilimia 64. Hewa ikiwa kavu pengo hukua: 25 na 15 husomeka 33 kwenye jedwali la pwani, wakati kwenu ni 36.

Kwa mahindi, ambayo ukungu huyavamia kwa urahisi unyevuanga unapokaa juu ya asilimia 70, hitilafu hiyo huelekea upande wa hatari, kwani jedwali lako hukuonyesha ghala kavu kuliko lilivyo. Tafuta jedwali la hektopaskali 850 au lililo karibu na hapo, kisha upime asubuhi na alasiri, katikati ya ghala, mbali na mlango.