Jibu: Niache rangi za maji ninunue tableti?

Waalaykum salaam mdogo wangu. Umeuliza kama uache rangi za maji ununue tableti ya kuchorea, maana unataka kuwauzia wageni picha za Mji Mkongwe. Mimi nachora kwa njia zote mbili, na ushauri wangu ni usiache karatasi.

Chukua mlango wa kuchonga wenye misumari ya shaba. Kwa rangi za maji, ule mng'aro kwenye kichwa cha msumari ni weupe wa karatasi yenyewe. Lazima uupange mapema, uuzunguke kwa ncha ya brashi. Ukishaufunika, kuurudisha ni tabu. Kwenye tableti unafungua tabaka jipya, unatia nukta nyeupe, basi. Raha kweli, lakini jicho lako bado halijazoea kutazama kabla ya mkono kwenda, na karatasi ndiyo itakayokufunza.

Masika karatasi huota ukungu, kwa hiyo itie kwenye sanduku lenye kifuniko kinachobana. Nunua ya gramu 300 kwa mita ya mraba; nyembamba hujikunja ikilowa.

Tableti ina faida yake: picha moja unaichapisha mara nyingi. Kwa karatasi ya ukubwa wa A3 anza na pikseli 3508 kwa 4961, ikichapwa isitoke bila ukali. Na ile buluu kali ya bahari kwenye skrini, wino huififisha, chapa ya majaribio kwanza. Kama kompyuta unayo, pakua Krita, programu ya kuchorea, ni ya bure, uionje kabla hujatoa pesa.