Muulize Fundi: Kamera ya nduthi inanimalizia betri

Sasa fundi. Mimi ni wa Kayole, nabeba mizigo na Boxer kwenda town. Matatu ilinisukuma pale Outering na dere akaruka akasema mimi ndio nilimwingilia, so nikaamua kuweka kamera mbili, ya mbele na ya nyuma, zile za kukaa hapo hapo kabisa. Fundi ameunga waya zote kwa betri. Sasa kila asubuhi pikipiki haitaki starter, napiga kick mpaka jasho. Nitoe kamera ama ninunue betri kubwa?

Pole ndugu yangu, lakini usinunue kitu bado. Shida ni pale waya zimeungwa. Kamera yako hailali, ukizima pikipiki yenyewe bado inakunywa moto. Tuseme inakula robo ampea, ukiiacha kwa masaa kumi na mbili ya usiku hiyo ni ampea-saa 3 zimeenda, na betri ya pikipiki ni kitu ndogo, angalia ubavuni utakuta pengine imeandikwa 5Ah, yaani ampea-saa 5 tu. Hapo starter itatoa moto wapi?

Kamera nyingi za aina hiyo zinakuja na waya tatu: nyeusi ni ya ardhi, njano ni ya moto wa saa zote, nyekundu ni ya moto unaokuja ukiwasha ufunguo. Nyekundu ndio inaambia kamera amka au lala, sasa fundi wako akiiweka kwa betri pamoja na njano, kamera inajua uko safarini mpaka asubuhi. Mwambie atafute waya inayopata moto baada ya swichi, kwa mfano ile inayoingia kwa flasha ya indiketa, aipime na mita ufunguo ukiwa ON halafu OFF, ndio aunge nyekundu hapo. Njano ibaki kwa betri lakini iwe na fyuzi yake ndogo karibu na betri, na uingie kwa menyu ya kamera uzime ile ya kulinda pikipiki ikiwa imeegeshwa. Na asisokote waya akapiga tepu tu, hiyo mvua ya Aprili itaimaliza, apige lehemu.

Kitu kingine, shingo ya pikipiki. Yangu ya kwanza fundi mmoja aliikaza waya na kebo tai hapo shingoni ikakaa smart sana, wiki ya tatu kamera ya mbele ikaanza kuzima kila nikikata kona ya kushoto, kufungua napata waya imekatika ndani na ganda la nje liko sawa kabisa! Kabla ya kukaza chochote zungusha hendeli mpaka mwisho pande zote mbili uone waya inabaki na nafasi ya kucheza. Kile kiboksi cha kurekodi kiweke chini ya kiti, ukifunge na sponji, mbali na ekzosi.

Halafu punguza sensa ya mtikisiko iwe chini kabisa. Ikisikia kishindo inadhani umegongwa, inafunga hiyo video isifutwe. Sasa wewe na matuta ya Kayole, kwa siku utakuwa umegongwa mara mia, memori kadi inajaa video zilizofungwa na siku ya ajali yenyewe hakuna nafasi. Kadi nunua ile ya kazi ngumu iliyoandikwa High Endurance, hizi za simu zinachoka haraka na kuandikwa na kufutwa kila siku.

Habari fundi, mimi ni dada naendesha pikipiki, gari ilinigonga Jogoo Road na kamera ilishika yote. Jioni nikitafuta video nakuta haiko. Imeenda wapi?

Pole sana dadangu, natumai mguu uko sawa. Pengine sensa haikuifunga, ikaandikiwa juu na video mpya. Kamera mbili za 1080p zinaweza kula zaidi ya GB 10 kwa saa, kadi ya 64 ikijaa inarudi mwanzo, na wewe uliendelea kuzunguka mchana wote. Siku nyingine ukigongwa zima, toa kadi uweke mfukoni, ndio uende polisi uandikishe OB, kile kitabu cha matukio. Nakili video nzima bila kukata hata sekunde. Na leo hii angalia saa ya kamera yako, niliona moja juzi ilikuwa inasema ni mwaka 2018.