Kupiga klarineti na kutunga kwa pamoja: usiache kimoja, ila kuna mtego

Mdogo wangu, umeuliza kama ukitaka kuwa mtunzi wa klasiki ya kisasa ni lazima uweke klarineti, hii ala yetu ya kupuliza, pembeni, maana mwalimu wako kakwambia mshika mawili moja humponyoka. Mimi nimepita humohumo, napiga orkestra na natunga huu mwaka wa 15, na nakwambia usiache. Ila kuna mtego na huo ndo nataka uujue mapema.

Kwanza wenzetu wapo kibao. Jörg Widmann, mzaliwa wa Munich 1973, alianza masomo ya utunzi akiwa na miaka 11 huku anapiga klarineti, 1993 akaandika Fantasie ya klarineti peke yake ambayo mpaka leo wapigaji wanajipimia nayo, na akasoma pia Juilliard, chuo cha muziki New York, kwa mpiga klarineti Charles Neidich. Mark Simpson wa Liverpool 2006 alishinda shindano la BBC la wapigaji vijana na mwaka huohuo akabeba na la watunzi vijana. Kinan Azmeh wa Damascus naye anapiga na anatunga.

Faida yake utaiona kwenye vidole. Klarineti ukifungua kii (kitufe) ya dole gumba hairuki oktava moja kama filimbi, inaruka oktava na kwinti, yaani mpaka nota ya kumi na mbili kwenda juu, kwa hiyo pale katikati ukitoka La kwenda Ti unatoka kwenye matundu karibu yote wazi unaenda kuyaziba yote kwa mpigo, na kama kuna tundu moja halijazibwa vizuri sauti inakwaruza. Mtu asiyeipiga anaandika nota za mbio zinavuka hapo kila sekunde halafu anashangaa kwa nini inasikika nzito. Wewe huwezi kufanya hivyo, mwili wako unakataa kabla hujaandika.

Sasa mtego wenyewe. Niliandika kwinteti ya klarineti na nyuzi nne, nikaitunga yote ridi, kile kijiti cha kupulizia, ikiwa mdomoni. Siku ya mazoezi tumefika kama ukurasa wa tatu hivi dada wa viola akasimamisha, akachukua penseli akawa anagonga kwenye karatasi yake, hapa, hapa na hapa, akaniuliza kaka mbona sote tunakata sehemu moja, sisi hatupulizi. Nikaangalia, kweli aisee. Kila sentensi ya muziki ilikuwa na urefu wa pumzi yangu mimi, nilikuwa nimewapa watu wanne wenye pinde mapafu yangu. Iliniuma sana, maana miezi minne ya kazi ilikuwa imejaa humo.

Tangu hapo asubuhi natunga klarineti ikiwa kwenye boksi, naimba kila mstari kwa sauti, wa nyuzi nampelekea mtu wa nyuzi ajaribu kabla sijaumaliza. Mchana ndo nafanya mazoezi. Na usijidanganye kuyaruka, wiki mbili tu bila kupuliza mdomo unalegea na kuurudisha ni kazi. Sikiliza pia Con brio, kazi ya orkestra ya Widmann ya 2008, orkestra ni ileile ya simfoni namba 7 na 8 za Beethoven lakini wapulizaji kuna sehemu wanatoa hewa tupu, unasikia kabisa aliyeandika anajua kupuliza ila hajawafungia wengine kwenye pumzi yake.

Riziki nayo, utafundisha tu, hata Widmann alikuwa profesa wa klarineti Freiburg, Ujerumani, kuanzia 2001, sio aibu hata kidogo.

Hiyo trio yako, ya wapigaji watatu, uliyosema unaimalizia, sehemu ya klarineti mpe mtu mwingine aipige. Wewe kaa kwenye kiti na penseli yako, na kila anapovuta pumzi mahali ambapo wewe usingevuta, weka alama.